Mama Kopo Hakusaini

Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, Mama Kopo, mtunza ghala la mbegu wa kituo chetu cha utafiti wa kilimo, atastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya utumishi wa miaka thelathini na tatu na miezi minne. Ofisi ya utumishi imeomba wasifu huu uwe mfupi, uwe wa kufurahisha, na usichimbue yaliyopita. Kwa hayo mawili ya mwanzo mwandishi atajitahidi. La tatu haliwezekani. Ukiyaondoa yaliyopita katika maisha ya Mama Kopo, utabaki na mama mmoja anayepepeta mtama.

Na kweli alianza hivyo. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, kibarua wa kupepeta na kuhesabu mbegu. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye kigoda, ungo mapajani, na kutenga punje mia mia kwa ajili ya majaribio ya uotaji. Wenzake walihesabu kimya, midomo ikitikisika. Yeye alihesabu kwa vidole huku akipiga soga. Msimamizi wa maabara wa enzi hizo hakuamini, akawa anamtega kwa kuchanganya punje mbili tatu za ziada kwenye mafungu yaliyokwisha kuhesabiwa. Kila mara Mama Kopo alizitoa na kumrudishia mkononi bila kukatiza hadithi aliyokuwa akiisimulia.

Mwaka wa saba alikabidhiwa funguo za chumba nambari tisa. Wageni wanaotembelea kituo huwa hawaonyeshwi chumba hicho, kwa hiyo kielezwe: kiko mwisho wa ukumbi, kati ya stoo ya mafagio na choo cha wanaume. Kina dirisha moja lisilopata jua, rafu za mbao mpaka darini, na majokofu mawili yenye kelele za trekta. Humo ndimo zilimowekwa mbegu za asili zilizokusanywa vijijini kwa miaka mingi. Sisi wenye shahada tulizichukulia kama picha za mababu ukutani: unazipangusa vumbi kwa heshima, kisha unakwenda kazini. Kazi, kwa maoni yetu, ilikuwa upande wa pili wa ukumbi, kwenye mbegu zilizoboreshwa.

Mama Kopo hakuwa na shahada. Alikuwa na mama mkwe. Bibi huyo, mkulima asiyejua kusoma, alimfundisha kwamba mbegu huchaguliwa shambani kabla ya mavuno. Unapita kati ya mistari, unaona suke lililosimama wakati mengine yamelala, unalifunga uzi mwekundu, na watu wa nyumbani wanaambiwa ole wao. Alimfundisha kukausha kivulini, kuchanganya na majivu yaliyochekechwa, na kujaza chombo mpaka mdomoni ili hewa isipate pa kukaa. Vyombo vilitoka kwa mume wa Mama Kopo, fundi bati, aliyemtengenezea makopo ambayo vifuniko vyake havifunguki bila kijiko na subira. Jina la Mama Kopo lilianza kama utani wa watafiti. Yeye alilipenda, akaliandika mlangoni.

Mwaka wake wa kumi na tano umeme ulikatika kituoni kwa wiki tano. Barafu ya majokofu iliyeyuka, pakiti zikalowa, ukungu ukaingia. Tulipojaribu uotaji, katika kila punje mia za majokofuni ziliota ishirini na kitu. Za makopo, zilizokaa rafuni muda wote na majivu yake, ziliota tisini. Mkuu wa maabara alisema takwimu zimechanganywa, jaribio lirudiwe. Mama Kopo alirudia. Zikaota tisini na moja.

"Zimeongezeka," alimwambia kwa upole. "Tukirudia tena zitafika mia."

Kila Alhamisi alifungua dirisha la chumba nambari tisa kwa wakulima. Utaratibu wake ulikuwa mfupi kuliko waraka wowote uliowahi kutoka kituoni: kopo moja linatoka, makopo mawili yanarudi baada ya mavuno, moja la ghala na moja la mkulima mwingine. Na kila aliyeleta mbegu aliulizwa habari zake, na Mama Kopo akaziandika daftarini kwa maneno ya mkulima mwenyewe. Watafiti tulicheka madaftari yale. Mfano ni huu, kuhusu mtama ambao wakulima wanauita Usinicheke: "Mfupi, mwekundu, hauna sura. Ukiupanda jirani atakucheka. Mvua ikikatika mapema utamcheka wewe. Ndege hawautaki kwa sababu ni mchungu, kwa hiyo uloweke kwanza."

Sasa tufike pale ambapo ofisi ya utumishi isingependa tufike.

Mwaka wake wa ishirini na mbili ulikuja waraka kwamba mbegu zote zisizo kwenye orodha rasmi ziteketezwe, na chumba nambari tisa kigeuzwe ukumbi wa mikutano. Iliundwa kamati ya watu wanne. Fomu ya uteketezaji ilihitaji sahihi za wanakamati na ya mtunza ghala. Wanakamati wote wanne walitia sahihi. Ya tatu kutoka juu ni ya mwandishi wa wasifu huu. Alisoma ile fomu, akajua maana yake, akakumbuka kwamba alikuwa kwenye orodha ya kupandishwa cheo, akasaini.

Mama Kopo aliitwa ofisini kwa mkuu wa kituo. Mkuu si mtu mbaya, na wakati ule pia hakuwa mtu mbaya. Alimvutia kiti, akamsogezea kalamu.

"Mama, tusaidiane," alisema. "Hii ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu," Mama Kopo alijibu, "ichomeni hiyo, mbegu muziache."

Hakusaini. Alipewa siku saba za kufikiri. Alizitumia vizuri. Kuanzia kesho yake wakulima walianza kuingia kwa lango kuu, mchana kweupe, na mifuko, ndoo na vitambaa. Walikuja sitini na mmoja. Kila mmoja aliandikwa jina, kijiji na alichobeba. Walinzi walipouliza, aliwaonyesha daftari. Hakuna kilichopita uani, hakuna kilichofichwa kwenye mkoba. Siku ya nane kamati ilifika na toroli. Rafu zilikuwa tupu na zimepanguswa. Juu ya meza kulikuwa na taarifa ya mistari mitatu: "Mbegu zimeondolewa kama ilivyoagizwa. Zimeondolewa kwenda kupandwa. Majina ya waliozichukua yamo daftarini."

Alipewa barua ya onyo kali, akahamishiwa getini kuandika namba za magari ya wageni na wafanyakazi. Alikaa hapo miaka minne. Kila asubuhi tulipita mbele ya dirisha lake, naye aliandika namba za magari yetu, akatusalimia na kuwaulizia watoto wetu kwa majina. Angetununia tungepumua. Hakutununia hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulivumilia.

Getini hapo hapo aliendelea na kazi yake. Wakulima waliokuja kituoni walisimama kwake kwanza, akajua nini kimepandwa wapi, nini kimekubali na nini kimekataa. Hivyo ndivyo alivyopata habari ya kunde za Macho Meupe. Aina hiyo aliichukua mkulima mmoja tu, mzee aliyeipenda tangu ujana wake. Mzee alifariki, na wanawe, wasiojua kilichomo ndani ya kopo, walizipika siku ya matanga. Mama Kopo aliomba ruhusa ya siku moja, akaenda, akapiga magoti kwenye sakafu ya ghala la marehemu na kupapasa pembe zote kwa vidole. Alipata punje kumi na moja, zote zimetobolewa na wadudu. Alizipanda hivyo hivyo kwenye chungu. Haikuota hata moja. Fundi bati anasema chungu kile kilikaa dirishani kwao miezi minane na hakuna aliyethubutu kukiondoa.

"Nilimpa mtu mmoja," alimwambia mwandishi, mwaka mzima baadaye, kana kwamba walikuwa wameyazungumza jana. "Na nilijua ni mzee. Mimi ndiye niliyezipoteza zile." Tangu hapo hakuna aina anayoitoa bila kuhakikisha iko kwenye nyumba tatu.

Kisha mvua zikabadilika. Mwaka wa kwanza zilichelewa wiki tano na kukatika kabla mahindi hayajatoa ndevu. Mashamba yetu ya mfano, yale yenye vibao vilivyopakwa rangi, yalikauka yakisomeka vizuri kabisa. Tulisema ni bahati mbaya. Mwaka uliofuata ilikuwa hivyo hivyo, na barua zikaanza kumiminika kutoka kila upande zikiomba mbegu ya muda mfupi inayovumilia ukame. Hatukuwa nayo. Ndipo mtu mmoja kikaoni, kwa sauti ya chini, alitaja Usinicheke.

Mkuu wa kituo alitoka ofisini kwa miguu mpaka getini, na wanakamati watatu wakamfuata. Jua lilikuwa kali na kivuli cha dirisha lile kinatosha mtu mmoja. Mkuu alieleza shida. Mama Kopo alisikiliza mpaka mwisho, akafungua daftari.

"Iko kwenye nyumba thelathini na nne," alisema. "Lakini si yangu, siwezi kuwapa. Nendeni mkaombe. Mbebe kopo lenu. Na mkikopa moja mtarudisha mawili, kama kila mtu."

Tulikwenda. Mwandishi aliangukia kwa mama mjane mwenye shamba lisilozidi uwanja wa mpira. Alimpokea mlangoni, akasoma kitambulisho cha kituo herufi kwa herufi.

"Ninyi si ndio mliotaka kuzichoma?"

Mwandishi alijibu kwamba ndiyo, na kwamba yeye mwenyewe alisaini.

Mama yule alisogeza kigoda. "Haya, kaa," alisema. "Kunywa maji kwanza. Halafu nikuonyeshe namna ya kuchagua suke, maana nikikupa bila kukuonyesha utaziharibu."

Ilichukua saa nzima. Katika miaka yote ya chuo hakuna aliyewahi kumfundisha mwandishi kutazama mmea mmoja kwa muda mrefu kiasi kile.

Tusitie chumvi. Usinicheke haikujaza maghala mwaka ule. Iliwavusha watu mpaka mavuno yaliyofuata, basi, na watu waliovushwa wanajua uzito wa neno hilo. Msimu uliofuata ilipandwa na familia zaidi ya mia nane. Kituo kilirudisha makopo mawili kwa kila nyumba, na Mama Kopo alisimama mlangoni kuhakikisha yamejaa mpaka mdomoni.

Chumba nambari tisa kilirudi kuwa ghala, na funguo zikarudi kwa mwenyewe. Ofisi ilitaka pia kuiondoa ile barua ya onyo kwenye jalada lake, kama ishara ya nia njema. Alikataa. "Iacheni humo humo," alisema. "Wengine wana vyeti." Leo ghala lina aina mia mbili na kumi na mbili, kila moja imo pia kwenye nyumba zisizopungua tatu, na watafiti vijana wanapewa madaftari yake wayasome kabla hawajaruhusiwa kugusa rafu. Wawili kati yao tayari wameandika makala kutokana na maneno ya wakulima, wakawataja wakulima kuwa waandishi wenza. Ile kamati ya zamani isingelikubali hilo, na mwandishi anayasema haya kwa kuwa alikuwamo.

Wapo wanaodhani kwamba akiondoka tutapata utulivu. Wasubiri kidogo. Kuna rasimu ya kanuni mpya inayotaka kumzuia mkulima kumpa jirani yake mbegu isiyosajiliwa, hata kiganja kimoja. Maoni ya wananchi yatapokelewa tarehe mbili ya mwezi ujao. Watumishi hatuna ruhusa ya kusimama na kuzungumza kwenye vikao vya namna hiyo, na Mama Kopo ametii kanuni hiyo kwa miaka thelathini na tatu, ingawa kila aliyemwona akiitii alijua inavyomkereketa. Tarehe mbili hatakuwa mtumishi wa mtu yeyote. Amekwisha kujiandikisha. Kwenye nafasi ya kazi ameandika "mkulima", na jina lake ni la kwanza kwenye orodha ya wasemaji.

Wafanyakazi walipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, walikuwa wanafikiria saa ya ukutani. Ameomba mabasi mawili ya kuwapeleka wakulima kwenye kikao hicho. Tumeyapata. Viti vyote vimekwisha chukuliwa, na wanaotaka kusimama wameambiwa wavae viatu vizuri. Mwandishi ameomba ruhusa ya siku hiyo. Hajajibiwa bado. Atakwenda.

Mama, asante kwa mbegu, na kwa salamu za kila asubuhi ambazo hatukuzistahili. Asante kwa fundi bati, aliyekuvumilia wewe na chungu chako. Tunakutakia afya, mvua za kutosha na usingizi mnono, na tunakutakia siku njema zote zilizo mbele yako, kuanzia hiyo ya tarehe mbili.