Mutheu Ndeti: Miaka Ishirini na Sita ya Kuchora na Kuosha

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 1996, Bi. Mutheu Ndeti anastaafu baada ya kuitumikia Kiwambo Studio kwa miaka ishirini na sita. Kamati ya sherehe ilinipa mimi, Andati wa chumba cha kamera, kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya programu hii. Niliambiwa niandike kwa utulivu. Nimejaribu. Lakini huyu ninayemwandika hajatulia hata siku moja tangu nimjue, na wiki hizi mbili za mwisho ametunyima utulivu sote, kuanzia meneja hadi bawabu. Mpiga chapa anazingoja karatasi hizi kesho asubuhi, kwa hivyo msomaji anivumilie nikikimbia.

Mutheu alizaliwa Kangundo mwaka wa 1941, akaletwa Shauri Moyo angali mtoto wa mgongoni. Baba yake alikuwa mchonga vinyago, na karakana yake ilikuwa Majengo. Hadi leo Mutheu anaishi Shauri Moyo, na huja kazini kwa miguu, avuke Jogoo Road hadi huku nyuma ya Makongeni, mvua inyeshe isinyeshe. Sisi tunaojiona wepesi humkuta amekwisha fika, amekwisha chemsha chai, na amekwisha toka tena kwenda kuuliza jambo chumba kingine. Ndiyo maana humu ndani aliitwa Kiguu na Njia kabla hajapata mtoto na kuitwa Mama Kyalo.

Aliajiriwa mwaka wa 1970, si kama mchoraji bali kama muoshaji. Vijana wetu hawaijui kazi hiyo, kwa hivyo niieleze. Filamu ya katuni wakati huo ilichorwa kwenye karatasi za plastiki angavu tulizoziita seli, picha moja baada ya nyingine, mamia ya picha kwa dakika moja ya filamu. Seli zilitoka ng'ambo na bei yake ilimtoa meneja jasho. Basi filamu ikishapigwa kamera, hakuna aliyeziweka picha zile. Zilitiwa kwenye beseni la maji ya moto na sabuni, zikasuguliwa, zikaanikwa kwenye kamba uani, halafu zikachorwa upya. Khavere, ambaye huuza mboga upande wa pili wa ua wetu, alimtazama Mutheu siku nyingi akianika vitu visivyoonekana, hadi akashindwa kuvumilia akapaza sauti: "Wewe mama, kwani unaanika maji?" Wamekuwa marafiki tangu hapo, na sukuma wiki ya mchana hatujawahi kuikosa.

Mchoraji mkuu wa siku zile alimfumania akichora kwa kidole kwenye povu la beseni. Badala ya kumgombeza alimpa penseli. Mwaka wa 1974 Mutheu alihamia chumba cha wachoraji kama msaidizi, na kufikia 1984 chumba kizima kilikuwa chini yake. Amechora ng'ombe wenye kupe, mahindi yenye funza, meno yaliyooza na meno yaliyopona. Kazi yake iliyovuma zaidi ni yule nzi wa filamu ya kuhimiza watu waoshe mikono. Filamu ilipoonyeshwa kwenye ukuta mweupe pale Shauri Moyo, watoto waliacha kumshangilia mtoto msafi wakamshangilia nzi. Walioagiza filamu walilalamika, wakataka nzi awe na sura mbaya zaidi. Mutheu akamtia meno mapengo na tumbo la kuning'inia. Watoto wakampenda mara mbili.

Mwaka wa 1993 studio ilinunua kompyuta ya kuchorea, na biashara ya maji ya moto ikaisha. Wengi wetu tuliiogopa mashine ile. Mama Kyalo aliingia ndani yake kama mtu anayeingia jikoni kwake. Mwanzoni alikishika kipanya kwa mikono miwili, muda si muda akawa anawafundisha wengine. Mchana mashine ilikuwa ya kazi: tangazo la sabuni, tangazo la dawa ya kuogeshea ng'ombe, tangazo la unga. Jioni kazi ikiisha, sisi tukisukumana mlangoni, yeye alikivuta kiti karibu akaanza kuchora vya kwake.

Nani hakuziona picha hizo? Ukisahau mwavuli ukarudi, unaikuta moja kwenye kioo cha kompyuta. Niliona akina mama wa Gikomba wakifungua bela la mitumba, wawili wamevutana kwa sweta moja, kila mmoja na mkono wake. Niliona wanaume wa Makongeni wakinyoana nje ya nyumba za reli siku ya Jumapili. Niliona mkono wa marehemu baba yake umeshika shoka dogo la kuchongea, na chini yake kipande cha mti ambacho hakijaamua kama kitakuwa twiga au mtu. Niliona mlango wake wa Shauri Moyo, una rangi ya kijani iliyobabuka, rangi ambayo sijaiona kwenye kopo lolote. Bulle, bawabu wetu, alijiona siku moja ameketi langoni na kikombe chake, akasimama nyuma ya kiti cha Mama Kyalo mpaka chai ya kweli ikapoa. Waruguru wa uhasibu alidai kwamba picha yake imemnenepesha, lakini aliwaita watu wote wa ofisi yake waje waione.

Kwa hivyo wiki mbili zilizopita kamati iliamua kwamba siku ya sherehe tuzitundike picha zake ukumbini. Miaka yote hii amewachorea wengine, na jina lake halijatokea kwenye filamu hata moja, maana filamu zetu huandikwa jina la aliyezilipia. Tulitaka angalau siku ya mwisho watu waone vilivyo vyake, hasa mwanawe Kyalo, ambaye sasa ni karani mtu mzima na hajawahi kuona mchoro wowote wa mama yake usiokuwa wa kuuza kitu. Gichuru, fundi wetu wa kompyuta, alitumwa azikusanye. Alirudi na uso wa mtu aliyeibiwa. Mle ndani ya mashine mlikuwa na faili moja tu, jina lake MUTHEU, na ndani yake picha moja ya mbwa aliyelala juu ya kibanda.

Tulishuku virusi. Tukashuku wezi. Kuna waliomshuku Gichuru mwenyewe, na ninawaomba wamnunulie soda. Mwishowe Gichuru alikwenda kumuuliza Mama Kyalo mwenyewe.

"Mathe, hizo picha zingine ziko wapi?"

Mama Kyalo alikuwa akitafuta miwani yake, nayo iko kichwani. "Zingine gani? Si nilizichora hapo hapo."

Na kweli alizichora hapo hapo. Kila jioni aliifungua faili ile ile, akaipaka picha ya jana rangi nyeupe pande zote, akachora ya leo juu yake, akahifadhi. Amefanya hivyo miaka mitatu. Gichuru alimweleza polepole kwamba kompyuta si beseni, kwamba kila picha inaweza kupewa jina lake ikawekwa.

"Najua," akamjibu. "Si ulinionyesha mwaka jana? Kwani nyinyi mnawekanga seli chafu?"

Waruguru alicheka hadi akashika ukuta. Alisema jina halikutolewa bure, maana Mutheu kwa Kikamba ni mtu safi. Mimi sikucheka. Nilikasirika, na ninaandika hivyo bila kuona haya. Mtu wa kamera kazi yake ni kuzuia kitu kisipotee, na hapa palikuwa pamepotea mkono wa mchonga vinyago, wanyoaji wa Jumapili, Bulle na chai yake, vyote vimefunikwa na mbwa. Niliumia kana kwamba ni mimi niliyevichora.

Gichuru alipendekeza tuwe tunanakili kila jioni kwa siri. "Hata hatajua, ni kitu ya dakika moja," akasema. Waruguru akakataa katakata: cha mtu ni cha mtu, hata akitaka kukitupa. Nilimkubalia shingo upande, nikaenda kumwomba Mama Kyalo mwenyewe aache kuziosha.

Haya ndiyo aliyonijibu, naye amesimama, mguu mmoja ukigonga sakafu: "Andati, mimi nimechora vitu vya kukimbia maisha yangu yote. Ukiona picha, imeshaenda. Sasa hii yangu ikikaa hapo, ikitulia, inaniangalia. Naona mkono ni mfupi. Naona sikio si la huyo mtu. Nikienda nyumbani sipati usingizi. Nikiiosha, nalala."

Nikamuuliza: na Kyalo, tumwonyeshe nini Ijumaa? Mguu ukaacha kugonga. Aliniambia kwamba Kyalo akiwa darasa la pili aliwaambia wenzake kuwa yule nzi ni wa mama yake, nao wakamcheka, wakasema nzi hana mwenyewe. Alirudi nyumbani analia akataka aonyeshwe jina la mama yake, na hapakuwa na pa kumwonyesha. Baada ya kusema hayo alikubali. Ataacha picha moja, moja tu, ataichagua yeye, na sisi tusimkalie shingoni.

Tulimkalia shingoni. Wiki hii Bulle ameacha kufunga lango kwa wakati. Meneja, Bwana Simiyu, anapita mlangoni kwake akiwa na karatasi ile ile mkononi, anarudi nayo. Jumatatu Mama Kyalo alimchora Khavere akikata sukuma, kisu kimepita kasi hadi hakionekani, na mimi ningeiridhia papo hapo. Alitikisa kichwa akaipaka nyeupe. Jana alichora akina mama wa kanisa kwenye sare zao wakingoja mvua ipungue, na Waruguru alipofika juu ya ngazi akihema, tayari hamna kitu. Nyumbani Shauri Moyo hana kompyuta, na Ijumaa ikipita kiti hiki kitakaliwa na mwingine. Sijui kama yeye alikuwa akizihesabu jioni zilizobaki. Mimi nilizihesabu.

Leo Jumatano alituita kabla hata hatujafunga kazi. Kwenye kioo kulikuwa na mwanamke wa makamo, ameonyeshwa kwa nyuma. Kiganja chake kimoja kimekandamiza meza, magoti yamekunjika nusu, na kiti kiko inchi chache chini yake. Uso ameugeuzia dirishani, unaona shavu tu na kipini cha miwani, na nje mabati ya Makongeni yanang'aa kwa mvua iliyotoka kunyesha. Hajawahi kujichora. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani.

"Sasa hapa unakaa ama unaamka?" Gichuru akauliza.

"Hiyo ni picha ya katikati," akasema. Katika kazi yetu, mchoraji mkuu huchora mtu ameketi na mtu amesimama, halafu zote za katikati huchorwa na msaidizi. Hakuna mtazamaji anayewahi kuiona moja kati ya hizo kwa macho yake, hupita zikaenda. Mama Kyalo akaisogelea. "Bega la kushoto limekosea," akasema, na kipanya kikaanza kuelekea kwenye rangi nyeupe.

Sote tulisogea. Hata Bulle, ambaye hakupaswa kuwa juu, alisogea. Kidole cha Mama Kyalo kilikaa juu ya kitufe cha kipanya muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kisha akakiondoa, akaandika jina jipya herufi kwa herufi, akahifadhi. Jina ni KYALO. Kwa Kikamba hilo ni safari, na pia ni mwanawe, na hakutuambia alikusudia lipi.

Nilifunga mapazia, nikasimamisha kamera nikaipiga picha ile kwenye kioo cha kompyuta kabla hajabadili nia. Yeye hakuweza kukaa chumbani. Alishuka uani, akapanda, akashuka tena, na Khavere kwa kumwona hivyo akadhani kuna msiba.

Picha yenyewe iko ukurasa wa mwisho wa programu hii, na chini yake, kwa mara ya kwanza katika kazi yoyote iliyotoka kwenye studio hii, pameandikwa: imechorwa na Mutheu Ndeti. Tunachapisha nakala mia mbili. Karatasi hizi, Mama Kyalo, haziosheki. Na bega nimelitazama kwa lenzi zangu zote, sioni kosa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote tunakushukuru kwa kazi, kwa chai ya asubuhi, kwa nzi, na kwa wachoraji uliowafundisha kufanya kazi vizuri bila kudai jina. Tutakukosa sana, chumba chako kitakuwa kimya na hatutakipenda. Maisha yako ya mbele yawe mema na marefu, na hiyo miguu Mungu azidi kuipa nguvu.

Siku ya Ijumaa kiti ni chako mpaka sherehe iishe, na mashine itakuwa imewashwa. Chora chochote unachotaka, ukioshe unavyotaka. Lakini hiyo moja, Mama Kyalo, tunakuomba, iache.