Denzil Ray Stidham, Mwimba Sauti ya Pili (1946–2017)

Marehemu Denzil Ray Stidham alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 katika bonde la Lick Fork, Kentucky, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Clell na Mama Oma Stidham. Wa kwanza ni mimi, Arvil, ninayewasomea. Mjane wake, Lorene, ameshanionya: "Shemeji, usitupigie hotuba. Kuna watu hapa hawajala tangu asubuhi." Nitajitahidi.

Alisoma shule ya chumba kimoja hapa hapa bondeni, kisha sekondari mjini Whitesburg, akamaliza mwaka 1964. Hesabu zilimpiga chenga. Kuimba tulifundishwa na mama akiosha vyombo. Mimi alinipa sauti ya kwanza kwa sababu nilikuwa na kelele. Denzil akampa ya pili kwa sababu alikuwa na masikio. Mwimba sauti ya pili kazi yake ni kumfuata mwenzake popote anapokwenda, hata akikosea, ili kosa lisisikike. Denzil alinifuata hivyo tangu ana miaka saba.

Septemba 1964 aliingia mgodi wa makaa ya mawe, akachimba miaka kumi na minane. Jumamosi tuliimba redioni, sote wawili kwenye maikrofoni moja. Wengi mnaukumbuka mguu wangu wa kushoto: siwezi kuimba bila kuupiga sakafuni. Fundi wa redio alinitandikia zulia, haikusaidia kitu; mshindo wake ulisikika katika kila wimbo. Tulirekodi nyimbo kumi na mbili, na mbili kati yake zilivuma hadi Tennessee.

Tarehe 15 Juni 1968 alifunga ndoa na Lorene Fugate katika kanisa hili. Pete nilikuwa nayo mimi, nikaisahau nyumbani. Denzil aliwaimbia watu nyimbo nne nzima nikiifuata, wala hakuniaibisha kwa kusema kwa nini.

Sasa nafika kwenye albamu. Programu mliyoshika inasema kwamba Februari 1984 "ndugu hawa wawili waliimba kwa pamoja Nyimbo Bora za Ndugu Stidham." Mstari huo niliuandika mimi, na ni uongo.

Kanda zetu za mwanzo ziliharibiwa na mafuriko ya 1977, kwa hiyo kampuni ilipotaka albamu ya nyimbo zetu bora, ilibidi tuziimbe zote upya kule Nashville, kwa siku tatu. Wakati huo nilikuwa mlevi. Siku zote tatu nilijifungia hotelini na chupa. Asubuhi ya kwanza Denzil alikuja kugonga mlango.

"Kaka, fungua bwana! Wapiga gitaa wameshafika."

"Kaimbe mwenyewe!" nikamjibu.

Akaenda akaimba. Asubuhi aliimba sehemu yake, mchana akaimba yangu, kwa sauti yangu, pamoja na mtindo wangu wa kuburuta neno la mwisho. Fundi wa studio akaziunganisha sauti hizo. Kwenye jalada wakaweka picha yetu ya zamani, tunacheka.

Albamu hiyo ndiyo mliyoinunua ninyi na kuicheza kwenye harusi zenu. Ndiyo iliyoturudisha jukwaani kwa miaka ishirini, nami nikaacha pombe kwa aibu. Watu walikuwa wakinipa mkono: "Arvil, hujawahi kuimba vizuri kama kwenye ile albamu!" Denzil amesimama pale pale kando yangu. Alikuwa akisema tu, "Siku ile aliamka vizuri," kisha anakwenda kutafuta kahawa.

Aliyegundua ni mama peke yake. Aliisikiliza yote jikoni, akazima, akaniuliza, "Arvil, mguu wako uko wapi?" Akanimegea mkate wa mahindi, na hakuuliza tena mpaka alipofariki.

Vumbi la makaa lilimkaa Denzil mapafuni. Tangu 2009 alitembea na mtungi wa oksijeni, na kuimba kukaisha. Mwaka jana nilimwambia nimechoka kusifiwa kwa kazi yake, nitawaambia watu ukweli.

"Ukisema nikiwa hai nakuchapa," akaniambia, naye hata ngazi mbili hawezi kupanda.

"Na ukifa je?"

"Nikifa si nitakuwa siwezi kukuchapa."

Hiyo ndiyo ruhusa niliyopewa, na nimeitumia. Alifariki nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 2017, saa nne asubuhi, Lorene akiwa amemshika mkono. Nilimpenda sana mdogo wangu, na sikuwahi kumshukuru mbele za watu.

Ameacha mjane, Lorene, watoto wawili, Twyla na Carson, wajukuu watano, na kaka mmoja.

Tulikuwa tumepanga albamu ichezwe wakati anashushwa kaburini. Nimemwomba Twyla acheze wimbo wa kwanza tu, hapa kanisani, ili muusikilize upya. Mtasikia sauti mbili, na zote mbili ni zake. Halafu azime, twende makaburini.

Pumzika, Denzil. Kule kaburini sehemu yangu nitaiimba mwenyewe, na nikikosea, leo watu watasikia.