Kengele Niliyomfunga Binti Yangu Shingoni

Ndugu zangu, mnaonijua mnajua nilivyokuwa na domo. Fundi redio wa Malaba, mjinga aliyejiona injinia! Wewe unayecheka hapo nyuma, tulia. Wewe ulinunua viwili.

Nilitengeneza kijisanduku cha kumfunga mtoto shingoni asipotee sokoni. Ndani, betri mbili za tochi na kengele ya saa ya mezani. Kulikuwa na kijiti, kijiti kina kamba, kamba anashika mama. Mtoto akienda mbali, kijiti kinachomoka, kengele inalia. Watu wakaniambia, "Boss, wewe ni kichwa." Kichwa gani? Boga! Sikuuliza mtoto hata mmoja.

Binti yangu wa miaka minne ndiye alikivaa kwanza. Kila asubuhi analia, "Baba, kinauma." Nami namwambia, utazoea.

Siku moja nikafunga kamba yake kwenye mguu wa meza, nikaendelea kuwaringia wateja. Kengele ikalia. Nikacheka! "Mnasikia? Hajafika mbali, na tayari najua." Nikafuata mlio polepole kama bwana mkubwa, mpaka katikati ya malori yanayongoja kuvuka mpaka kwenda Uganda. Nikakuta mbuzi. Mbuzi, ndugu zangu, na kijisanduku changu shingoni, anatafuna maganda. Mtoto alikuwa amekivua akamvisha, akaenda zake.

Nilipiga mayowe chini ya kila lori. Jioni tukampata kwa mama mmoja wa Uganda anayeuza nyanya, amelala kwenye gunia. Mama akamshusha kola ya gauni. Kidonda. "Ssebo, bwana, hakukuambia?"

Aliniambia. Kila siku aliniambia.

Mke wangu akamchukua wakaenda kwao Butula. Mimi nikaingia kwenye pombe ya chang'aa, miezi, nikijionea huruma. Aibu tupu! Mpaka yule mama wa nyanya akanifuata kilabuni: "Humlilii mtoto wewe. Unalilia jina lako." Nilitaka kumtukana. Nikaweka kikombe chini.

Nikaenda Butula na michoro ya kijisanduku kipya mfukoni, kichwa maji bado. Nikapiga magoti, nikamuuliza binti yangu angependa kivaliwe wapi. Akasema, "Sitaki." Nikasema sawa, mama. Akaninyooshea mkono: "Nishike wewe."

Mama wa nyanya, popote ulipo ng'ambo, asante. Mke wangu, asante kwa kurudi. Na ninyi mafundi mnaojua kila kitu, mtoto akisema kinauma, mvueni kwanza. Maneno yenu yatangoja.