Miguu ya Nyuma ya Jubilee

Wasikilizaji wapendwa, epueni birika, vuteni viti. Leo tunamkumbuka punda. Narudia: punda. Na hasa tunaikumbuka nusu yake ya nyuma, maana Jumatatu ya wiki iliyopita Norman Haslam wa hapa hapa kwetu Thornclough ametutoka, akiwa na umri wa miaka themanini. Norman Haslam alikuwa miguu ya nyuma ya Jubilee kwa miaka thelathini na ushei. Najua wengine mnacheka huko jikoni. Chekeni. Mngekaa kimya angedhani amekosea hatua.

Kwenu vijana ambao hamkumwona, Jubilee ni punda wa Binti wa Mnadani. Hilo ni onyesho la muziki, lilizaliwa London mwaka 1908. Binti wa shamba anakwenda mnadani kumuuza punda wake. Anarudi na mchumba, na punda bado anaye. Ndiyo hadithi yote, hata ukiikamua haitoki nyingine. Lakini nyimbo zake, jamani! Mama yangu alifua nguo kwa nyimbo zile mpaka anakufa, na mimi nikiwa na huzuni najikuta naziimba bila kujua nimeanza saa ngapi.

London walilipenda kwa majira mawili ya baridi, tena wakiwa na punda wa kweli. Mwaka 1910 kampuni moja ikalileta huku kaskazini, kwenye ukumbi wetu wa Alhambra, na punda wa kweli akaja naye. Bibi yangu alikuwepo. Alikuwa akisema punda alikula kofia ya binti, kisha akafanya jukwaani kile punda wanachofanya barabarani, mbele ya mke wa kasisi. Kwa hiyo chama chetu cha waimbaji kilipoamua kuliigiza wenyewe mwaka 1913, kamati ilikata shauri mapema. Punda wa kweli, hapana. Kina mama wa kiwanda cha viatu laini vya kuvalia nyumbani wakamshona mwingine kwa kitambaa kizito cha sufu, na wanaume wawili wakaingia ndani.

Ikaja vita. Wanaume wa kwaya ile ya 1913, nusu yao hawakurudi kutoka Ufaransa. Onyesho liliporudi, wanawake walisimama kwenye nafasi zao na kuziimba sauti zao nzito kadiri walivyoweza. London nao walilijaribu tena miaka ya thelathini, likafungwa baada ya wiki mbili. Gazeti moja likasema linanuka dawa ya nondo kama koti la zamani. Sawa. Sisi tuliendelea kuliigiza, miaka mingine ndiyo, miaka mingine hapana, na ukumbi ulijaa.

Norman aliingia ndani ya punda mwaka 1929. Mchana alikata soli kiwandani. Mbele yake, kichwani, aliingia Edgar Pilling, mwenye duka la nafaka na chakula cha kuku pale sokoni. Edgar alikuwa amemwoa Hilda, dada yake Norman. Kwa hiyo ndani ya punda mmoja alikaa mtu na shemejiye. Norman nyuma, Edgar mbele. Norman ameinama, mikono imeshika mkanda wa Edgar, haoni kitu ila visigino vya shemeji yake. Edgar anaona kupitia mdomo wa punda na kuongoza.

Na palikuwa na mila, wasikilizaji wapendwa, msiisahau mila hii. Katika kijitabu cha onyesho majina yao hayakuandikwa. Iliandikwa hivi: "Jubilee, punda: mwenyewe." Watu wazima wote tulijua ni nani. Mbele ya watoto hakuna aliyesema. Onyesho likiisha, punda anainama, anatoka na kichwa chake. Kisha watoto wanajipanga mlango wa pembeni na karoti, na wale wawili wanabaki ndani ya sufu ile, jasho linawatiririka, mpaka mtoto wa mwisho aondoke.

Sasa tufike mwaka 1951.

Usiku wa mwisho, ukumbi umejaa, meya yuko mbele. Punda anainama. Na hapo Edgar Pilling anainua mikono na kukivua kichwa. Anakishika kwapani. Anatabasamu. Mpiga picha wa gazeti anapiga. Picha ile ipo mpaka leo: Edgar anameremeta, na nyuma yake limebaki kalio la punda limeinama, halina habari.

Katika safu ya pili alikaa Maureen, binti wa Norman, mwenye miaka sita. Maureen mwenyewe ameniambia juzi.

"Nilipiga yowe," alisema. "Nilidhani anko Edgar amemla Jubilee kwa ndani, akatokea shingoni. Mama alinibeba mpaka nje. Na sikuwa peke yangu, Alma. Ukumbi mzima ulikuwa watoto wanalia."

Norman alitoka kwenye sufu, akamkabili shemeji yake penye ngazi. "Umemuua punda mbele ya watoto," alimwambia. Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa Edgar kwa miaka tisa. Narudia, miaka tisa.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Hilda hakuwa na pa kwenda kulima. Kila Jumapili alipika pai ya viazi na kabichi nyekundu, na kila Jumapili mumewe na kaka yake walikaa meza moja.

"Hilda, mwambie mumeo anisogezee chumvi."

"Hilda, mwambie kaka yako chumvi iko chini ya pua yake."

"Hilda, mwambie mumeo pua yangu haimhusu."

Siku moja Hilda aliweka sufuria chini kwa kishindo. "Miaka yote hii nawapikia ninyi wawili," alisema, "na asante ya punda ni mateke!" Wote wawili wakainamia sahani. Hata hapo hawakutazamana.

Mtauliza, kwa nini hawakuacha kuigiza? Kwa sababu hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuacha. Mnatujua watu wa Thornclough. Kwa hiyo waliingia kwenye punda yule yule wakiwa wamenuniana. Na sasa sikilizeni ajabu. Kuna wimbo katika sehemu ya pili, binti anambembeleza punda avuke daraja. Mbele inataka kuvuka, nyuma inakaa. Nyuma inainuka, mbele inalala. Zamani walifanya kwa mazoezi. Sasa walifanya kwa hasira ya kweli. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Walikuja kwa mabasi kutoka miji ya jirani kumwona punda mkaidi wa Thornclough. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru wenyewe ndio sisi tuliolipa kiingilio. Nilikuwa kwenye kwaya wakati huo, nimesimama nyuma ya uzio wa mbao, nacheka pamoja na wengine. Sikufikiri kwamba ndani ya kile kitambaa kuna watu wawili wanaumia.

Mwaka 1960, kwenye mazoezi, Jubilee alianza kupotea. Aligonga kanisa la mbao, lile la mapambo ya jukwaa, likaanguka. Jioni nyingine alikwenda moja kwa moja kwenye ukingo wa jukwaa, mguu mmoja ukaning'inia juu ya mpiga ngoma. Bibi Ormerod, mwongozaji wetu, hakuwa mwanamke wa kuchezewa.

"Bwana Pilling, umelewa?"

"Mdomo wa punda umeziba, bibi."

"Ukigonga kitu tena, kichwa nampa kijana mmoja wa pale benki. Nimemaliza."

Mdomo wa punda haukuwa umeziba. Macho ya Edgar yalikuwa yanakufa. Dukani hakuna aliyegundua, kwa sababu kila gunia alilijua kwa mkono. Hata Hilda alificha alichokijua. Lakini jioni ile Norman alimwona shemeji yake anapita ukumbini, analivulia kofia tundiko la makoti na kulitakia jioni njema.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa Edgar mwenyewe. Edgar yu hai, ana miaka sabini na minane, na haoni kabisa. Nilikaa jikoni kwake, mtaa wa Inkerman. Nikamuuliza kama naruhusiwa kuyasema redioni. Akacheka. "Sema tu, binti. Nani ataninyang'anya kazi sasa?"

Anasema wenzao walikuwa wamekwenda kunywa chai. Wao wawili walibaki ndani ya punda, maana kifungo cha tumboni kilikuwa kimekwama. Kiza, joto, harufu ya sufu. Na kutoka nyuma ikaja sauti.

"We Edgar."

"Nani anaongea?"

"Nyuma ya punda."

"Tangu lini nyuma inaongea?"

"Tangu mbele ilipoacha kuona."

Edgar anasema alitaka kukana, akashindwa. Akasema tu, "Usimwambie Ormerod, shemeji. Nikitoka humu sina kingine. Watanikalisha dirishani kama chungu cha maua."

Norman akasema, "Basi njoo huku nyuma, mpumbavu wewe. Huku hayatakiwi macho. Miaka thelathini na moja sijaona kitu, na sijaanguka hata mara moja. Shika mkanda, nifuate."

"Na kichwa?"

"Nitakivaa mimi. Sikitaki, lakini nitakivaa."

Wakabadilishana. Norman mbele, Edgar nyuma. Hawakumwambia mtu, na kwa kuwa majina hayakuandikwa, hakuna kijitabu kilichowasuta. Bibi Ormerod alifurahi kwamba mdomo umezibuliwa. Sisi wa kwaya tuliona tu punda amekuwa mpole kidogo darajani, tukasema ni uzee. Kutoka mwaka ule mpaka leo hii ninapoongea nanyi, Thornclough iliamini kwamba kichwa kilikuwa cha Edgar mpaka mwisho. Hakikuwa chake. Macho ya punda yalikuwa ya Norman.

Mwisho wenyewe ulikuja 1962. Alhambra ilikuwa imeuzwa iwe ya mchezo wa bingo. London hawakuwa hata na nakala ya muziki tena. Tulijua hatutaimba nyimbo zile jukwaani tena, na tuliziimba tukilia, rangi za uso zikituchuruzika. Punda alipokuja kuinama, ukumbi ulianza kupiga kelele: "Kichwa! Kichwa! Tuwaone!" Meya akapanda jukwaani kabisa, mkono umenyooshwa, kumsaidia punda kuvua kichwa.

Jubilee alirudi hatua mbili. Kisha akageuka taratibu, akampa meya na ukumbi mzima mgongo. Nyuma yake ikainama mara moja, mara mbili, mara tatu, mkia ukipunga. Ukumbi ulisimama. Walicheka, walipiga makofi, wakadhani ni mzaha dhidi ya meya. Nami nilidhani hivyo mpaka wiki hii.

"Sikujua ananigeuza," Edgar aliniambia. "Nilihisi tu makofi yamekuja usoni. Miaka ile ya kwanza nilikuwa nayasikia yamenizunguka kwa mbali, kwenye pamba za kichwa kile. Siku ile yalikuja usoni. Na Norman ananiambia kwa kunong'ona, 'Inama, shemeji. Ni yako.'"

Nilimuuliza Edgar kwa nini alivua kichwa mwaka ule wa 1951. Akasema, "Mama yangu alikuwa safu ya tatu. Alikuja kila onyesho tangu mwanzo, na hakuwahi kuona uso wangu. Daktari alikuwa amesema hatafika msimu mwingine."

"Ulimwambia Norman?"

"Siku ile ile ya kifungo. Akasema, 'Ungeniambia tungewasha taa, mama akaja kukuona nyuma ya pazia, watoto wakishakwenda.' Miaka tisa, binti. Kwa jambo la dakika moja."

Tangu hapo kila Jumamosi Norman alipita mtaa wa Inkerman kumchukua. Walikwenda sokoni, wakanywa bia moja moja, wakarudi wakibishana njia nzima kuhusu mpira. Norman mbele, Edgar nyuma. Miaka ishirini na mitano. Kama mliwaona mkasema "wale wazee wawili", sasa mnawajua.

Kwa Maureen na wanawe, kwa Hilda aliyempoteza kaka, Redio Thornclough inawapa pole kutoka moyoni. Mungu ampumzishe Norman. Na wewe unayenisikiliza, uliyekaa na neno kooni tangu mwaka juzi kwa sababu ya jambo ambalo hujamuuliza mwenzako kisa chake, kamuulize leo. Usingoje kifungo kikwame.

Nina jambo moja la mwisho. Nilipokuwa natoka kwa Edgar, Hilda alinisindikiza mpaka nje na akaurudisha mlango nyuma yake. Akaniambia kwamba Jumamosi iliyopita, siku tatu baada ya maziko, Edgar aliamka, akanyoa ndevu, akavaa koti, akasimama kizingitini. Akasimama asubuhi yote. Hilda hakuwa na moyo wa kumuuliza anamngoja nani.

Jumamosi ni keshokutwa. Wasikilizaji wapendwa, anayekwenda sokoni apitie mtaa wa Inkerman, nyumba yenye mlango wa kijani. Msimwambie nimewatuma. Mwambieni tu mnaelekea huko.