Majibu ya Wanawake wa Minjila

Ndugu na majirani, kabla hatujatawanyika kutoka hapa makaburini, familia ya Mzee Molu inawaomba mtulie kidogo mpate kusikia jinsi mwanawe Sadik alivyoishi, na jinsi alivyokufa.

Sadik alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 hapa Minjila, mtoto wa pili wa Mzee Molu na Mama Darmi, akachunga ng'ombe kabla ya kujua kusoma, akaanza shule ya msingi hapa hapa mwaka 1999, akamaliza kidato cha nne Garsen mwaka 2010. Mwaka 2015 alimuoa Nasteha, wakajaliwa Nimo na Nuh.

Alikuwa karani wa sensa mwaka 2019, na kuanzia 2021 akakusanya maoni ya wapiga kura kwa kampuni moja ya utafiti ya Nairobi. Kwetu mgeni huzungumza na mwenye boma, na jibu lake huwa jibu la wote, na watafiti waliomtangulia waliandika hivyo, wakanywa chai, wakaondoka. Sadik aliona utafiti wa namna hiyo umeegemea upande mmoja hata kama hakuna aliyehongwa, akawafuata wanawake kwenye kukamua, akawauliza mmoja mmoja, akiwaapia kwamba jibu halitatoka kinywani mwake. Mamake alimwonya, "Wewe, unawauliza wake za watu siri?" naye akacheka, "Mama, si na wao wana kura?"

Juni 2022 redio ilisoma matokeo ya kampuni, ikataja Minjila kwa jina, kwamba mgombea wa wadi aliyepitishwa na wazee ameachwa nyuma, na waliomwacha ni wanawake. Wapo waliosema utafiti umepikwa, wapo walioamini kupita kiasi, na siku hiyo hiyo wake watatu walipigwa, mmoja akavunjwa taya.

Tarehe 28 Juni asubuhi, wanaume wa hapa, wengine wao wamo kati yetu sasa, walimzingira Sadik penye kunyweshea ng'ombe, wakaponda simu yake, wakampiga kwa fimbo za kuchungia hadi mkono ukavunjika, wakitaka awataje wanawake waliomwacha mgombea wa wazee. Mmoja akamuuliza, "Na wangu alisema nini?" Sadik, damu mdomoni, akamjibu, "Kaka, kamuulize mwenyewe, na fimbo uiache huku." Hapo ndipo panga liliposhuka.

Alifariki hospitalini Malindi tarehe 9 Julai alfajiri, bila kutaja mtu. Mzee Molu amesema hawahukumu waliompiga, kwani walidhani wanalinda nyumba zao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba, na wenzake wa kazi waliosafiri kuja. Inawashukuru pia wanawake waliosimama kule nje ya ua wa makaburi, ingawa si desturi yao kufika mazikoni, na inaomba wasiulizwe na yeyote kwa nini wamekuja.

Sadik, siri za watu umezifikisha salama. Pumzika sasa.