Mchungwa wa Dirisha la Jikoni

Sogeeni, wanangu, kaeni hapa karibu na kitanda, maana sauti yangu siku hizi haivuki meza. Nianze na jambo lililonishinda, msije mkadhani mnarithi kwa mtu aliyejua kila kitu. Huo mchungwa mnaouona dirishani ni mgonjwa. Umekuwa mgonjwa tangu kabla hamjazaliwa; kirusi kimejaa katika kila jani lake, nimekipima kwa kila chombo kilichowahi kuingia kituo chetu cha utafiti wa mimea, na jibu halikubadilika. Mchungwa uliobebeshwa, yaani ulioungwa, juu ya shina la mdanzi, ule mchungwa mchungu, ukiingiwa na kirusi hicho hukauka. Mishipa ya chakula huziba pale penye kiungo, mizizi ikafa njaa huku matawi yana maua. Huu haukukauka. Nilikata vikonyo vyake, vile vijiti vya kuungia, nikavibebesha kwenye midanzi mingine, vikafa. Nikakitoa kirusi chake nikakitia kwenye michungwa mizima, ikafa. Nikachimba mizizi yake, nikaichipusha, nikabebesha juu yake, nayo ikafa. Juu siyo, chini siyo, na ugonjwa wenyewe si mpole. Basi kinachouweka hai ni nini? Nimestaafu sijui, nimezeeka sijui, na sasa naondoka sijui.

Aliyeuunga ni baba yenu. Mnajua alikuwa fundi wa kubebesha pale kituoni, na mikono yake ilikuwa myepesi hata tukisema kisu kinamwogopa. Nilipomwuliza mti huu aliufanyaje, aliniambia, "Mama, siku ile nilibebesha miche zaidi ya mia. Kuniuliza habari za mmoja ni kama kumwuliza kinyozi kichwa cha tatu cha juzi kilikuwaje." Wenzake wote wa siku ile walikauka, ukabaki huu, akauleta hapa nyumbani kwenye toroli na kuupanda mbele ya jiko ili niutazame hata ninapoosha vyombo. Aliniletea zawadi, kumbe ameniletea mke mwenza. Jioni zangu niliupa mti. Yeye akikaa pale kwenye kizingiti na kikombe chake, mimi niko nje nageuza majani natafuta vidukari, maana hao ndio wanaokibeba kirusi toka mti hadi mti. Alikuwa akiuliza, "Hivi umeolewa na mimi au na mchungwa?" Nami nikicheka, nikimwambia kesho nitakaa naye. Majuto ni mjukuu, wanangu, huja kinyume. Kesho hiyo haikuja, na kizingiti bado kipo.

Msidhani nalaani kazi yangu. Mihogo ilinijibu. Ile mbegu inayovumilia ugonjwa wa batobato, ambayo watu wanaipanda bila kujua nani aliihangaikia, ilitoka katika chumba chetu chenye paa linalovuja, na mipapai pia tuliipatia nafuu. Kwa hayo nalala vizuri. Lakini mtu halii kwa alichopata.

Sasa habari ya jirani. Wakati ule mashamba yote ya huku yalipokuwa yanageuka kuni, mti huu ulisimama peke yake ukiwa kijani, na watu wakaja kuomba vikonyo. Vipimo vya kirusi vilikuwa bado havijatufikia. Sisi wa machungwa tulikuwa na desturi moja, kuchagua kwa macho mti wa kukata vikonyo. Mti uliobaki hai wakati wenzake wamekufa, nani asingeuamini? Mimi niliuamini, wakubwa wangu wakauamini, na Bwana Kofia, jirani yetu, ambaye hakuwahi kuvua ile kofia yake hata msibani, ndiye aliyeuamini kuliko wote. Alichukua vikonyo vya shamba zima. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Shamba lake lilikauka mbele ya macho yake, na mti wetu ukaendelea kuzaa. Nilipojua, nilikwenda kumwambia. Akasema, "Mama Mtaalamu, huo mti wako una roho ngumu kama ya mama mkwe wangu, anaua wakwe yeye hafi." Akacheka, mimi nikashindwa kucheka. Yeye alisamehe, watoto wake hawakusamehe, na tangu tumzike salamu zimekatika. Nami siwalaumu. Kila asubuhi wakifungua mlango wanauona ukichanua juu ya ukuta.

Tufike kwenu. Msinitazame hivyo, mimi ni mgonjwa, si kiziwi. Mnakaa meza moja, mnapitishiana chumvi kwa mkono wa mkwe wangu huyu, mke wa kaka mtu, kama watu wa nchi mbili na yeye ndiye mpaka. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Maskini, kila akirudi shamba anawakuta mko pale pale.

Wewe mwanangu wa kwanza unataka mti ukatwe. Una kitalu cha miche ya michungwa nyuma ya nyumba, umekifunika kwa wavu mzuri, una watu wanaokula kwa jasho la miche ile, na mkaguzi wa mimea amekwambia waziwazi kwamba mti wenye kirusi ukiwa ndani ya ua huu, kibali cha kuuza miche hakuna. Kidukari mmoja akipenya kwenye tundu la wavu, utawauzia watu kifo chenye majani mabichi, kama tulivyomfanyia Bwana Kofia. Una haki, baba.

Na wewe kitinda mimba wangu, unayekalia kiti changu pale kituoni, hutaki uguswe. Umeniambia, "Mama, sasa tuna mashine inayosoma vinasaba vyote vya mti kwa siku chache. Nipe miaka miwili tu." Una haki na wewe. Tatizo ni kwamba maneno hayo ya miaka miwili nayajua, niliyazaa mimi. Niliyasema kwa baba yenu, nikayasema kwa wakubwa wangu, na kila ilipokwisha miwili nilizaa mingine. Siko hapa kukuambia ulikosea kupenda swali. Mimi nimelipenda maisha yangu yote, na hadi dakika hii, mnisamehe, ningepewa miaka miwili ningeipeleka pale pale nje.

Kwa hiyo sikilizeni, nisirudie. Mti ukatwe. Ukatwe leo, nikiwa hai, asije mtu akasema mzee angekataa. Na atakayeukata ni wewe, binti yangu, siyo kaka yako. Akiukata yeye, utamwona na shoka mkononi maisha yako yote. Ukiukata wewe, utakuwa umeamua.

Lia, mama, lia tu. Lakini nisikie. Nimewaza miaka mingi, na nimebaki na dhana moja ambayo sikuweza kuipima: kama jibu haliko juu wala chini, basi liko pale walipokutana, kwenye kiungo. Kitu fulani kilipita kati ya mchungwa na mdanzi siku ile baba yenu alipowafunga pamoja, wakazoeana, na mazoea hayo hayamo kwenye kikonyo wala kwenye mzizi, kwa hiyo hayarithiwi. Ndiyo maana watoto wake wote walikufa. Basi kata juu ya kiungo, kisha kata chini yake, na kile kipande cha katikati ni urithi wako. Kipeleke kwenye baridi kali kabla hakijapoteza maji. Usome vinasaba vyake. Najua unachotaka kusema, kwamba kipande kilichokatwa ni maiti. Kitakuambia majina ya waliokuwamo, hakitakuambia walivyokuwa wakiishi. Hilo nalijua, na ndilo linaloniuma.

Wewe baba, usitabasamu, zamu yako inakuja. Kwenye friji, nyuma ya mtungi wa maji, kuna kikopo cha mafuta ya kujipaka. Ndani yake kuna mbegu za mti huu, nimezifunga kwa kitambaa chenye unyevu. Kirusi hiki hakipiti kwenye mbegu, na mbegu za chungwa nyingi hazingoji ndoa ya maua, hutoka mche ulio mama mtupu, akijirudia mwenyewe. Uzipande ndani ya wavu wako. Mti wa mbegu huchelewa, una miiba, hautazaa mpaka nywele zako zianze kugeuka, na hutapata mteja. Uutunze hivyo hivyo. Ukiwa mkubwa, mpe dada yako afanye nao anachotaka. Na ile miche misafi ya kwanza itakayotoka kwenye kitalu chako baada ya kibali, kabla hujauza hata mmoja, ipeleke kwa watoto wa Bwana Kofia. Usiitume. Ipeleke wewe, ubishe hodi, wakikufungia mlango uiache kizingitini ukaimwagilie kesho yake.

Nyumba ni yenu wote wawili, isiuzwe mkwe wangu akiwa hai. Hadubini ni ya binti. Kisu cha baba yenu cha kubebeshea ni cha mkwe. Ndiyo, wewe, usiangalie nyuma. Nimekuona pale kitaluni. Mume wangu angekuona angekuajiri na kukuonea wivu. Deni jingine sina, ila usingizi.

Unakwenda wapi, mama? Mwache, baba. Mwache aende. Msumeno uko nyuma ya mlango wa stoo, binti yangu, na ndoo ya klorini iko chini yake. Unakumbuka desturi ya nyumba hii, chuma hakigusi mti wa pili kabla hakijafutwa. Baba yenu alikuwa akifuta hata kisu cha kukatia mkate.

Nipe maji kidogo. Basi, inatosha.

Mnasikia? Ameanza. Anakwenda polepole, huo ni mkono wa mtu anayelia. Baba, mbona umekaa? Umeshinda, unangoja nini? Ukimshinda ndugu yako umeshindwa nusu. Mimi sikujua kumshika mkono baba yako alipokuwa ananingoja pale mlangoni. Wewe mlango huo huo uupite. Toka. Usimnyang'anye msumeno. Shika tawi tu, lisimwangukie.

Tumebaki wawili, mkwe wangu. Nisogezee mto. Hivyo. Wakirudi, waambie niliwabariki, kama sauti... kama itakuwa imekwisha. Waambie Mungu awape mizizi isiyofa njaa. Awape kukaa pamoja bila kuulizana sababu, kama ule mti. Wazae, na wanaozaliwa wawazidi. Na binti akipata jibu, aje anisomee kaburini, hata kama ni jibu la aibu. Na asipopata, aje tu. Tukae.

Mti umeanguka. Ee. Nilidhani utapiga kelele zaidi.

Nini kile cheupe? Ukuta wa akina Kofia? Kumbe waliupaka rangi. Miaka yote hii sijauona... Kuna mtu amesimama pale, au macho yangu? Ni mtoto mkubwa wa Bwana Kofia. Anatazama. Haya, na atazame.

Nasikia harufu ya klorini. Nani anauosha msumeno? Niangalizie, mwanangu.

Kaka mtu. Na dada yake? Amekumbatia kipande chake. Amekifunga kwa kanga.

Basi. Nifunike miguu.