Alama ya Mpira Kwenye Uwanja wa Vigae

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, mheshimiwa diwani, mama yetu Tusajigwe, shemeji Georgina na watoto, ndugu zetu mliovuka kwa mitumbwi kutoka Ikombe na ninyi mliokuja kwa miguu mkipita kwenye majaruba ya mpunga ya hapa Bujonde, mugonile, tunawasalimu. Familia imemkabidhi Gwamaka Mwakifwamba, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yake, na kwa kuwa maisha ya marehemu husomwa kwa kumtaja kila mtu kwa jina, Gwamaka naye atatajwa kama wengine, ila mjue ni huyuhuyu mnayemwona amesimama hapa. Marehemu aliandika tarehe zake mwenyewe kwenye daftari kabla hajazidiwa, na ndani yake kuna mstari mmoja ambao jana kamati ya familia ilishauri urukwe, kwa sababu, walisema, siyo vizuri kuleta maneno msibani. Gwamaka aliwaitikia kwa kichwa, na daftari amekuja nalo hapa.

Kuhusu kuzaliwa kwake, Ezra Lusungu Mwakifwamba alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1978, hapahapa Bujonde, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Lusungu Mwakifwamba, aliyetutangulia mwaka 2011, na wa mama yetu Tusajigwe, Mkisi wa Ikombe, mfinyanzi ambaye vyungu vyake vimo katika nusu ya majiko ya wilaya hii. Gwamaka alizaliwa mwaka uliofuata, kwa baba mdogo, na baba yake alipofariki mwaka 1984 aliletwa nyumba hii akiwa na kaptula moja na kikohozi, Mama Tusajigwe akampokea, akamlaza kitanda kimoja na Ezra, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kusikia katika nyumba hii neno la mtoto wa kambo wala mtoto wa nani. Hilo Gwamaka anaomba mlikumbuke, maana ndilo linalomfanya ashindwe kumtazama mama usoni tangu asubuhi.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi hapa Bujonde kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, kisha sekondari kuanzia 1993 hadi 1996, akamaliza kidato cha nne, lakini elimu iliyomtoa kijijini aliipata Itungi, bandarini, kwa marehemu Bwana Telesphory, mtumishi wa bandari aliyehamishiwa huko mwaka 1989 kutoka Bukoba, akaja na sanduku la nguo, redio na raketi nne za tenisi. Watu walimcheka jamani, mtu mzima anapiga mpira ukutani peke yake, anaufuata, anaupiga tena, lakini Ezra hakucheka, alisimama akaangalia mpaka akapewa raketi. Uwanja haukuwepo, na udongo wetu wa Kyela mnaujua, mvua ikinyesha unavua viatu, jua likiwaka unapasuka, ndipo Mama Tusajigwe akawaambia dada zake wa Ikombe wasitupe vyungu vinavyopasuka wakati wa kuchomwa, vigae vikavushwa kwa mtumbwi hadi Itungi, Ezra na Gwamaka wakavitwanga kwenye kinu, wakachekecha kwa chekeche la unga, wakamwaga lile vumbi jekundu juu ya udongo ulioshindiliwa. Kazi hiyo ilichukua miezi saba, chekeche likaharibika, mama akafoka, akanunua jingine, na uwanja ukapatikana, mwekundu, ambao mvua ikikatika kidogo tu unachezeka.

Kwenye uwanja ule hakukuwa na mwamuzi, kwa hiyo Bwana Telesphory aliweka sheria moja ambayo watoto wote wa Itungi wanaifuata mpaka leo, kwamba mpira ukitua upande wako, wewe ndiye unayesema kama ni ndani au nje, na mwenzako harusiwi kubisha hata kwa nyusi. Ilikuwa sheria rahisi kuifuata, kwa sababu vumbi la vigae linashika alama, mpira ukigusa unaacha duara dogo linaloonekana kama muhuri, na hakuna aliyekuwa na uso wa kusema nje wakati duara liko pale juu ya mstari linamtazama.

Kuhusu kazi, marehemu na Gwamaka walikwenda Dar es Salaam mwaka 1997, na kuanzia mwaka 1999 wakawa wachezaji wa kulipwa, wakizunguka Nairobi, Kampala, Lusaka na Lilongwe, na ndipo ushindani wao ulipoanza kuandikwa magazetini kana kwamba ni maadui, ilhali walikuwa wakilala chumba kimoja na kuazimana soksi. Kwenye viwanja vya sementi Gwamaka alikuwa juu, walikutana mara kumi na tano na alishinda kumi na moja, kwa kuwa mpira wake wa kuanzisha ulikuwa mkali na sementi haimpi mtu nafasi ya kuwaza, na alijisifu huyo, alijisifu mpaka wenzake wakamwita Kipaza. Kwenye udongo hadithi ilikuwa nyingine kabisa, mpira ule mkali ukigusa vumbi unapoa, unanyanyuka taratibu, na Ezra anausubiri akiwa ameshateleza mpaka pale utakapofika, mguu mmoja mbele, anaurudisha, anaurudisha tena, mara ishirini, mara thelathini, bila haraka, mpaka mwenzake akasirike mwenyewe na kuupiga nje. Walikutana kwenye udongo mara kumi na tatu na Ezra akashinda zote kumi na tatu, na baada ya kila mechi alimletea Gwamaka maji na kumwambia "ndaga, mdogo wangu", asante, bila hata chembe ya kejeli, na Gwamaka alitamani angemtukana, ingekuwa nafuu.

Siku ya Jumapili, tarehe 18 Agosti 2002, walikutana kwenye udongo kwa mara ya kumi na nne, jijini Nairobi, katika fainali ambayo mshindi wake, mmoja tu, angedhaminiwa kwenda Ulaya miaka miwili kucheza mashindano makubwa ya udongo. Kila mmoja alikuwa ameshinda seti moja, katika seti ya tatu Ezra aliongoza gemu tano kwa nne, akabakiza pointi moja, akaupiga mpira kwa mkono wake wa kushoto ukaenda sambamba na mstari, ukatua upande wa Gwamaka, na mwamuzi wa mstari akanyoosha mkono kwamba ni nje. Mwamuzi mkuu alishuka kitini kwenda kutazama alama, akamwuliza Gwamaka ni ipi, Gwamaka akaonyesha duara lililokuwa nje ya mstari kiasi cha vidole viwili, mwamuzi akamgeukia Ezra, aliyekuwa amefika wavuni, akamwuliza kama anakubali kwamba ndiyo yenyewe. Ezra alimtazama Gwamaka, siyo usoni, chini, kisha akasema kwamba mwenye upande ameshasema, akarudi kwenye nafasi yake, na watu waliokuwa jukwaani walimshangaa, kwa kuwa wao hawajui sheria ya Itungi. Baada ya hapo Gwamaka alishinda gemu ile, na mbili zilizofuata, akatangazwa mshindi.

Hapo ndipo ulipo ule mstari wa daftari, na mtamwona Gwamaka anaupita, siyo kwamba ameuruka, ataurudia mwishoni.

Gwamaka aliondoka kwenda Ulaya tarehe 21 Januari 2003, na kwa kuwa alijulikana kama bingwa wa udongo, wadhamini wake walimpanga kwenye udongo kila wiki, na huko, ndugu zangu, aliumbuka. Aliingia mashindano ishirini na sita na katika ishirini na mawili alitolewa mechi ya kwanza tu, na watu waliomlipia walimtazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi akafika nyumbani akakuta ni mbwa, wala hawakukosea. Kila alipojaribu kuteleza aliona mguu wake wa kushoto, akasimama kama mtu aliyefunga breki, na mpira ukapita. Alirudi Desemba 2004, akafungua shule ya tenisi Dar es Salaam, ukutani akatundika picha ya kombe la Nairobi, na wazazi wakaleta watoto wao kwa sababu ya picha ile.

Marehemu yeye alirudi nyumbani, akaendelea kucheza hapa na pale hadi mwaka 2004, kisha kuanzia mwaka 2005 akawa mkaguzi wa ubora wa kokoa katika chama cha ushirika, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na saba, akiuma punje na kuitema, na mkulima aliyechanganya mbovu na nzuri hakuaibishwa mbele za watu, aliitwa pembeni. Kila Jumamosi alikwenda Itungi kumwagilia uwanja, kuuburuzia gunia ili vumbi lisawazike na kufundisha watoto bure, na kila Desemba, Gwamaka aliposhuka na gari na zawadi, alimwomba waende wacheze hata seti moja, Gwamaka akasingizia goti. Goti halina ubaya wowote, halijawahi kuuma hata siku moja.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu siku ya Jumamosi, tarehe 3 Desemba 2005, na Georgina, mwalimu aliyeletwa wilayani kwetu kutoka Bukoba, binti wa ukoo wa Bwana Telesphory, na msimamizi wa ndoa alikuwa Gwamaka, ambaye alisimama mbele ya madhabahu akamshuhudia mwenzake kuwa ni mtu mkweli, macho makavu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lucy, aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 2006, na Dickson, aliyezaliwa tarehe 11 Juni 2009, wote wanacheza, wote kwa mkono wa kushoto.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Mei 2022, akatibiwa hapa Kyela, kisha Mbeya, ambako alisafishwa damu mara mbili, baadaye mara tatu kwa wiki, na katika muda wote huo hakulalamika, isipokuwa aliuliza kama uwanja umemwagiliwa. Tarehe 17 Januari mwaka huu wa 2025 alimwita Gwamaka hospitalini, akampa daftari hili, akamwambia ndiye atakayelisoma, na Gwamaka alipofungua kinywa kusema kile alichokuwa amekimeza muda wote huo, marehemu aliinua mkono, akamwambia asiseme pale, kitandani hakuna mstari. Aliaga dunia siku ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kyela na Mbeya waliomhudumia kwa moyo, uongozi na wafanyakazi wenzake wa ushirika waliochangia usafiri kila wiki, majirani wa Bujonde mliovuna mpunga wake bila kuombwa, kwaya, ndugu wa Ikombe, na watoto wa Itungi, ambao jana bila kutumwa na mtu walikwenda kuuchota udongo mwekundu wa uwanja na kuuleta kwenye ndoo, uko pale, mtauona ukimwagwa kaburini. Ndaga fijo, tunawashukuru sana, hatuna cha kuwalipa.

Sasa mstari umebaki peke yake. Marehemu ameandika hivi, kwa mwandiko wake uliolala: "Tarehe 18 Agosti 2002, Nairobi, fainali. Mpira wangu ulitua upande wa Gwamaka. Gwamaka aseme." Hakuandika kwamba alishindwa, hakuandika kwamba alidhulumiwa, aliacha nafasi ya mistari mitatu mitupu, na Gwamaka amekuwa akiitazama nafasi hiyo kwa mwezi mzima kama mtu anayedaiwa jina lake mwenyewe.

Basi Mama Tusajigwe usikie, wewe uliyenunua chekeche la pili, shemeji usikie, Lucy na Dickson msikie, na wazazi mliotoka Dar es Salaam kumsindikiza mwalimu wa watoto wenu msikie pia, alama ile aliyoonyesha Gwamaka ilikuwa ya mpira mwingine, wa gemu iliyotangulia, na alama ya mpira wa Ezra ilikuwa juu ya mstari, nzima, nyekundu, na mwamuzi hakuiona kwa kuwa Gwamaka alikuwa ameikanyaga kwa kiatu chake cha kushoto. Ezra alikiona kiatu. Angesema neno moja tu, inua mguu, mambo yangekwisha, lakini alikuwa amekulia kwenye uwanja ambao mwenye upande ndiye anayesema, akamwachia mdogo wake aseme, akamsubiri miaka ishirini na miwili, kwa mialiko ya Desemba, na mwisho kwa daftari, na mdogo wake hakuinua mguu mpaka leo. Aibu hii ni ya Gwamaka peke yake, siyo ya ukoo, na picha ile ukutani ameshaishusha.

Mpira ulikuwa ndani, kaka. Mwenye upande amesema. Mchezo ulikuwa wako, nenda kapumzike.